Chupa isalie langoni mwa mlima

Yamezuka miongoni mwa Wakenya wa mijini, hasa wale wenye kazi za ofisini, mapenzi makubwa ya kutembea kwa miguu. Alfajiri ya Jumamosi utawakuta wamekusanyika kando ya magari katikati ya jiji la Nairobi, mikoba mgongoni na fimbo mkononi, wakielekea vilima vya Ngong, Longonot, safu ya Nyandarua au, kwa wale waliokwisha kupata uzoefu, Mlima Kenya wenyewe. Jambo hili ni la kupongezwa. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba kupanda mlima ilhali huna shamba wala mbuzi huko juu ni kichaa cha Wazungu. Leo twapanda wenyewe, kwa fedha zetu, na kushuka tukiwa tumeifahamu nchi yetu kwa nyayo.

Hata hivyo, pamoja na mapenzi hayo amepanda abiria mwingine ambaye hakuandikwa katika orodha ya wasafiri. Huyo ni chupa. Imekuwa kawaida sasa kwa msafara wa watu kumi kuondoka Nairobi na brandi, wiski na makopo ya bia ya kutosha arusi ndogo, na vitu hivyo vyote havibaki garini. Hupandishwa mlimani, vikanywewa kambini usiku, na pengine hata kileleni, ili picha ipigwe.

Sikusudii katika makala haya kuhubiri dhidi ya kileo. Kazi hiyo ina wenyewe, nao huifanya vyema kila Ijumaa na kila Jumapili. Wala mimi si mtawa: nishukapo kutoka milimani hakuna kitu kinipendezacho kama bia baridi mbele yangu, viatu vikiwa vimevuliwa. Ninalodai ni jambo dogo. Kileo kina mahali pake katika safari ndefu ya miguu, na mahali hapo ni chini, mwendo unapokwisha. Huko juu hakina kiti.

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi yangu, na ndiyo iliyonifanya nilitazame jambo hili kwa jicho jingine. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kulewa, ambacho kimezaa ukoo mkubwa: ulevi, mlevi, kileo, kulevya. Wengi wetu tukikisikia twafikiria chupa moja kwa moja. Lakini watu wa pwani hukitumia kitenzi hichohicho kwa mtu aliyepanda chombo, bahari ikachafuka, naye akashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Mtu huyo amelewa, ingawa hajaonja hata tone. Kisha kuna kulewalewa, yaani kuyumbayumba kama mtu asiyeweza kusimama wima. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kumtenganisha aliyeleweshwa na tembo la mnazi na aliyeleweshwa na mawimbi, kwa kuwa ukiwatazama kwa nje ni mtu yuleyule: miguu haimtii, ulimi mzito, macho yanaelea, na ukimuuliza kama ni mzima atakujibu kwa hasira kwamba ni mzima kabisa.

Sasa ongeza mlevi wa tatu, ambaye wazee wa pwani hawakuwa na sababu ya kumjua. Huyu ni mtu aliyeleweshwa na mlima. Napendekeza tumwite hivyo, maana istilahi ndefu za vitabuni hazitamsaidia mtu saa nane za usiku penye barafu. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huingiza oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ambayo angeivuta akiwa ufuoni Mombasa. Mwili waweza kuizoea hali hiyo, lakini hutaka muda, na sisi hatuupi muda. Mkazi wa Nairobi huondoka nyumbani asubuhi akiwa kwenye mita 1,700 au 1,800, gari humfikisha kwenye lango la Sirimon, mita 2,650, na jioni hiyohiyo hulala kwenye mita 3,300. Siku ya pili yuko mita 4,200. Alfajiri ya siku ya tatu yuko kileleni. Madaktari huanza kuonya juu ya maradhi haya kuanzia kama mita 2,500. Kwa hivyo mtu huyo huingia katika eneo la hatari akiwa bado ameketi garini, akila njugu.

Dalili za awali za kulewa mlima ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu na usingizi usiotulia. Naomba msomaji azisome tena polepole, kisha aniambie zinatofauti gani na hali ya mtu aliyeamka asubuhi baada ya kuchapa mtindi usiku kucha. (Nitangulie kusema kuwa mtindi ni maziwa yaliyoganda, kinywaji kisicho na hatia yoyote. Kwa nini Waswahili waliamua kumsingizia ni suala la siku nyingine.) Hali ikizidi, ubongo huanza kuvimba. Hapo ndipo mtu huanza kulewalewa, maneno yakamchanganyikia, akafanya mambo ya ajabu kama vile kuvua koti penye baridi kali. Au mapafu hujaa maji, akakohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi. Katika hali zote mbili dawa ya kwanza ni moja: ateremshwe, tena upesi, usiku uwe usiku. Kila saa inayopotea ina gharama, na gharama hiyo yaweza kuwa maisha.

Hapa ndipo kilipo kiini cha hoja yangu. Kiongozi wa wapandaji hana maabara mlimani. Chombo chake ni macho yake na maswali mawili matatu. Akimwona mtu asiyekunywa anayumba, hana haja ya kubahatisha: huyu amelewa mlima, na tushuke. Lakini akimwona mtu aliyekunywa anayumba, atajuaje? Tukiibeba chupa hadi kambini twamnyang'anya kiongozi huyo chombo pekee alichokuwa nacho.

Nimelishuhudia jambo hili. Miaka michache iliyopita nililala katika kambi iliyo kwenye mita 4,200, na jirani zangu walikuwa msafara wa vijana wa Nairobi, wachangamfu na wenye adabu, waliotukaribisha chai. Chai yenyewe ilikuwa na brandi, na wao waliiita dawa. Saa nane za usiku, tulipoamshwa ili tuanze mwendo wa kileleni, mmoja wao alitoka nje akiyumba, akaivaa glovu ya mkono wa kulia kwenye mkono wa kushoto, akaanza kuzungumza na mtu asiyekuwapo. Wenzake walicheka. "Bado yuko kwa baa huyo," alisema mmoja. Kiongozi wao, mtu wa makamo kutoka upande wa Nanyuki, hakucheka. Aliuliza kijana huyo alikunywa vikombe vingapi, akapewa majibu matatu tofauti. Alimwangaza machoni kwa tochi. Alimwambia atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa ncha ya kidole, na kijana akaanguka hatua ya tatu. Aliporudi nilipokuwa nimesimama aliniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mlima naujua, na pombe naijua. Hivi viwili vikikaa ndani ya mtu mmoja, sijui ni kipi kinachosema."

Baada ya robo saa aliamua kumteremsha. Wapagazi wawili walimshika mabega, wakashuka naye bondeni gizani wakitumia tochi moja, huku wenzake wakinung'unika kwamba safari yao imeharibiwa kwa sababu ya vikombe viwili vya chai. Kulipopambazuka walikuwa wameshuka mbali sana, na kijana alikuwa ameanza kuzungumza kama watu. Je, ilikuwa ni pombe iliyomtoka au ni hewa nzito ya chini iliyomponya? Hakuna ajuaye hadi leo, wala hakuna atakayejua. Nami naona hilo ni baya kuliko jibu lolote kati ya hayo mawili. Lau kiongozi yule angekuwa na woga kidogo wa wateja wake, au hamu kidogo zaidi ya bahashishi, angemwambia kijana akalale, pombe imtoke. Tena wangapi wamekwisha kuambiwa hivyo?

Watetezi wa chupa wana hoja yao, nayo ni kongwe: kileo hupasha mwili moto. Hii ni hadaa ya ngozi. Mtu anywapo, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hupanuka, damu yenye joto ikakimbilia nje, na mtu akahisi uso na vidole vimepata moto. Lakini joto hilo limetoka wapi? Limetoka kifuani na tumboni, mahali ambapo mwili ulikuwa umeliweka akiba, na sasa linapeperukia angani. Ni sawa na mtu ambaye, kwa kusikia baridi, anaifungua milango yote ya nyumba ili joto la jikoni limfikie barazani. Fauka ya hayo, kileo hupunguza ule mtetemeko ambao ni njia ya mwili kujitengenezea joto. Humwendesha mtu haja ndogo hali mwili umekwisha kukaukiwa maji. Na usiku hulifanya pumzi liwe zito na la uvivu wakati mtu anapolihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Hadaa hii ina hata picha yake maarufu. Nani hajamwona yule mbwa mkubwa wa milima ya Alps, mwenye kipipa cha brandi shingoni, akimwendea msafiri aliyezama thelujini? Mbwa hao walikuwako kweli, na watawa wa hifadhi ya Saint Bernard, iliyoko kwenye pito la mita 2,469 baina ya Uswisi na Italia, waliwatumia kuwatafuta wasafiri waliopotea. Kilichokuwa hakipo ni kipipa. Hicho kilienezwa na mchoraji Mwingereza, Edwin Landseer, katika picha aliyoichora mwaka 1820, na tangu hapo ulimwengu umemvika kila mbwa wa mbegu hiyo kipipa ambacho babu zake hawakukibeba. Picha moja nzuri imewapotosha watu kwa miaka 200.

Labda msomaji atasema kwamba ninazungumza kama daktari wa kubahatisha, na kwamba babu zetu walisafiri na kunywa bila ya kuombwa ruhusa na mwalimu wa chuo kikuu. Ni kweli walisafiri na ni kweli walikunywa. Lakini tutazame walikunywaje.

Vileo vya asili vya nchi zetu vina tabia moja ambayo hatuizingatii: havisafiri. Tembo la mnazi ligemwalo asubuhi huwa limekolea jioni, na likikaa zaidi huchacha likawa siki. Busaa ya Waluhya hunywewa nyungu ikiwa katikati na wazee wameizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu. Ni nani atakayeinyanyua nyungu hiyo aipandishe mlima? Muratina ya Wagikuyu, ya asali na tunda la mti ulioipa jina, ilikuwa ni haki ya wazee, watu ambao safari zao za mbali zilikuwa zimekwisha. Mbege ya Wachaga, ya ndizi na ulezi, iko Marangu chini ya Kilimanjaro, na mwenye kuitaka huifuata hukohuko. Kileo cha namna hiyo kilikuwa na kwao. Msafiri ndiye aliyekiendea. Ilikuja kuwa ni gongo, chang'aa na chupa zenye vizibo vya chuma ndizo zilizokipa kileo miguu, na sheria zimekuwa zikikimbizana navyo tangu hapo. Jirani zetu wa Tanzania walilazimika mwaka 2017 kupiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali vilivyoingia katika mfuko wa shati wa dereva, wa mwanafunzi na wa yeyote aliyekuwa na shilingi chache.

Hebu tuitazame misafara mikubwa ya karne ya 19, ambayo kwa hakika ndiyo iliyokuwa mabingwa wa mwendo wa miguu katika nchi hizi. Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi, na wengine wakaendelea hadi Ujiji, jumla ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa njia moja. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, begani au kichwani, mbali na chungu, mkeka na silaha ya mwenyewe. Hawa hawakuwa watu wakavu. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857 na 1858, ameieleza pombe ya nafaka iliyopatikana vijijini, na hakuwa na furaha nayo, maana iliwachelewesha watu wake. Lakini pombe hiyo ilikuwa ya kituo. Mwendo ulianza alfajiri, jua likipanda watu wakatua, na kijiji kikiwa na pombe, ikanunuliwa kwa ushanga au kwa kipande cha merikani. Ikinywewa, ilinywewa palepale, na mwenye kuipika alikuwa amepata biashara. Sijui mpagazi hata mmoja mwenye akili ambaye angepunguza kitambaa katika mzigo wake ili abebe mtungi wa pombe mwitu hata mwitu.

Aliyebeba chupa ni mwingine. Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 na kumkuta Livingstone, jambo mojawapo alilolifanya jioni ya siku hiyo ni kumwagiza Selim, kijana wake mkalimani, alete chupa ya shampeni na vikombe vya fedha. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya siku hiyo. Wakanywa. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa ustaarabu, na sikatai kuwa ni kisa kizuri: mzee mgonjwa, aliyeishiwa na kila kitu, anashika kikombe cha shampeni kando ya ziwa Tanganyika. Hata mimi ningekipokea. Lakini chupa ile ilikuwa imetoka Bagamoyo mwezi wa Machi ikafika Ujiji mwezi wa Novemba kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, ikapita katika matope ya Makata, ikapita katika homa, ikapita katika vita vya Mirambo. Haikutembea. Ilibebwa. Simulizi la jioni ile limetaja aina ya mvinyo na madini ya vikombe, na bega lililoifikisha halimo.

Wala Stanley hakuwa wa kwanza. Mwaka 1851 Mwingereza mmoja mwenye kupenda maonyesho, Albert Smith, aliupanda mlima Mont Blanc na marafiki zake watatu. Miongoni mwa shehena yao zilikuwamo chupa 60 za mvinyo wa kawaida, mbali na za mvinyo bora, konyaki na shampeni. Hesabu hiyo hunifanya nicheke kila niikumbukapo, kisha kicheko hukoma nikiwafikiria wapagazi wa Chamonix waliozipandisha katika theluji. Waswahili wana neno juu ya haya: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na sisi je? Kopo moja la bia ya nusu lita lina uzito wa zaidi ya nusu kilo. Makopo 12 yamezidi kilo 6. Chupa moja ya brandi ni zaidi ya kilo moja, na sehemu kubwa ya uzito huo hata si kinywaji, ni kioo, ambacho kitashuka tena kikiwa kitupu, au, kama nilivyoona mara nyingi kwa uchungu, kitabaki huko juu kati ya mawe kikimetameta kama jicho la mlevi. Kilimanjaro kuna kanuni ya kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za msafara. Bia za mtu mmoja mwenye kiu zaweza kula karibu theluthi ya mzigo huo. Na aghalabu mpagazi wa mlima wetu ni kijana wa kijiji cha karibu, mwenye viatu alivyoviazima na sweta lisilofaa, ambaye hulala akiwa amebanana na wenzake huku akisikia kwenye hema la pili watu wakiimba. Tusishangae naye akishikwa na hamu ya kutafuta kitu cha kumtoa baridi, na asipokuwa na fedha za brandi atapata kilicho rahisi zaidi na kibaya zaidi. Kisha tunakuja mjini tukilalamika kuwa wapagazi ni walevi!

Nisieleweke kwamba mtembezi hana haki ya kujiburudisha. Kaskazini mwa Uhispania kuna njia kongwe ya mahujaji wa Kikristo waendao Santiago de Compostela. Anayeianzia upande wa Ufaransa, chini ya milima ya Pyrenees, hutembea karibu kilomita 800 kwa mwezi mzima au zaidi, na mvinyo humsindikiza karibu kila jioni, kwa kuwa chakula cha hujaji katika vijiji vya huko huja na mvinyo kama vile kwetu ugali ujavyo na mboga. Tangu karne ya 12 watu wa njia hiyo wamekuwa wakigombana juu ya mvinyo. Hotuba moja ya kanisa ya zama hizo inawalaani wenye nyumba za wageni waliomwonjesha hujaji mvinyo mzuri kisha wakamuuzia mbovu. Na mahali paitwapo Irache, kilomita chache tu baada ya mji wa Estella, watengenezaji mvinyo waliweka mwaka 1991 bomba mbili ukutani: moja hutoa maji, na ya pili hutoa mvinyo mwekundu, bure, kwa kila apitaye. Wengi hufika hapo asubuhi, wakakinga kidogo, wakacheka, wakapiga picha, wakajaza maji chupani na kuendelea, maana mbele yao kuna mwendo mrefu katika mashamba yasiyo na kivuli. Tangazo lililo hapo lina akili sana. Linawakaribisha watu wanywe bila ya kupita kiasi, ila mwenye kutaka kuuchukua mvinyo aende nao, basi aununue.

Yaani kunywa ni bure, kubeba kuna bei. Nao wanazungumza juu ya njia ambayo sehemu yake ya juu kabisa haizidi sana mita 1,500, chini ya mahali Mnairobi alalapo kila siku. Kuna kijiji kila baada ya saa chache, kuna barabara, kuna kitanda. Mtu akizidisha huko, kesho yake ataumwa na kichwa na kila mtu atajua kwa nini. Njia ya namna hiyo yaweza kuvumilia mvinyo. Mlima Kenya hauwezi, na ni kosa kuchukua desturi ya bondeni ukaipandisha pasipo hewa.

Najua jibu litakalokuja. Nitaambiwa: tone moja tu kileleni, la kusherehekea, lina ubaya gani? Waliosema hivyo mbele yangu walikuwa watu wazima, wenye shahada. Nami nawajibu kwamba kileleni ni nusu ya safari. Waswahili walituonya tusione kwenda mbele, kurudi nyuma si kazi. Kutoka Lenana mtu hushuka zaidi ya mita 1,500 kwa siku moja, magoti yakitetemeka, juu ya changarawe inayoteleza, baada ya usiku usio na usingizi. Ikiwa kuna saa moja katika safari nzima ambayo mtu anahitaji miguu yake imtii, ni hiyo. Na huyo mwenye tone moja huwa hayuko peke yake, ana wenzake tisa, kila mmoja na tone lake.

Sitaki sheria mpya. Tumekwisha kuwa na sheria nyingi za vileo, ile ya mwaka 2010 ikiwa ndiyo kubwa, na hakuna polisi atakayekesha kwenye mita 4,200 akinusa vikombe vya chai. Hili ni jambo la vyama vya watembezi vyenyewe na la viongozi wanaowapandisha watu. Msafara ukifika langoni, kileo kibaki garini, nalo gari liwasubiri. Kiongozi awe na neno la mwisho, na mteja alijue hilo kabla hajalipa, siyo akiwa amekwisha kulewa. Mkishuka, Nanyuki iko, Chogoria iko, Naro Moru iko, na nyama zipo. Kaeni mnywe mpaka mchoke, dereva asinywe, na wale waliowabebea mahema waketi mezani pamoja nanyi, wasiachwe langoni wakisubiri matatu.

Na kuna jambo moja la fedha. Thamani ya brandi na bia nilizoziona zikipandishwa na msafara mmoja ingetosha kuwanunulia wapagazi wake wote tochi za kichwani, ili siku nyingine wasimteremshe mtu gizani kwa tochi moja. Vyama vilitie hilo katika bajeti. Na mpagazi atakayekataa kutia chupa katika mzigo wake asikatwe ujira kwa sababu hiyo. Jambo hilo liandikwe katika karatasi ya makubaliano na kutiwa sahihi kabla gari halijaondoka Nairobi.